Barua ya wazi kwa Jeshi la Majini la Marekani na NMFS: rudisheni ndege juu ya maji mnapowasha sona

Kwenu wakuu wa Jeshi la Majini la Marekani mnaosimamia mazoezi ya California Kusini na Hawaii, na kwenu mnaotoa vibali pale NMFS, idara ya uvuvi iliyo chini ya NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na hali ya hewa.

YAH: NDEGE ZA KUFUATILIA NYANGUMI NA POMBOO WAKATI WA MAZOEZI YA SONA

Waheshimiwa, salaam.

Naenda moja kwa moja kwenye ombi manake najua barua ndefu hukaa mezani. Kila mnapofanya zoezi kubwa la kusaka nyambizi kwa sona ya frikwensi ya kati, wekeni ndege ya watafiti juu ya hayo maji kabla zoezi halijaanza, iwepo wakati sona imewashwa, na iendelee kuruka siku kadhaa baada ya meli kuondoka, alafu hao watafiti wapewe saa na dakika ambazo sona iliwashwa na kuzimwa ili walichokiona kiweze kusomeka. Ni hilo tu. Na sio kitu kigeni kwenu, kati ya 2008 na 2013 mlikuwa mnalipia wenyewe ndege ndogo za injini mbili zikiruka kwenye maji ya California Kusini, kuzunguka kisiwa cha San Clemente na maeneo ya jirani, na Hawaii nako ndege iliwahi kutumwa kuzunguka mbele ya manowari wakati wa mazoezi ya makamanda wa nyambizi. Baadaye mpango wa ufuatiliaji ukabadilika, nguvu nyingi ikaenda kwenye haidrofoni, yaani maikrofoni za chini ya bahari, na vile vifaa vya kubandika mgongoni kwa nyangumi, ndege zikapungua. Haidrofoni ni nzuri na nitazisifu hapa chini, ila haziwezi kuona.

Kwa msomaji ambaye hii ishu ni mpya kwake nieleze kidogo. Manowari nyingi za daraja la Arleigh Burke zina sona inaitwa AN/SQS-53C, imefungwa kwenye pua ya meli chini ya maji, inatoa mlio wa kama kilohezi 3 hivi wenye nguvu ya desibeli 235 ikipimwa umbali wa mita moja (desibeli za majini hazilingani na za hewani, msizichanganye na za spika za muziki, lakini hata baada ya kurekebisha hesabu hiyo bado ni sauti kubwa mno). Mlio unatoka, unagonga nyambizi, mwangwi unarudi, meli inajua adui yuko wapi. Nyambizi za dizeli zikitembea kwa betri ni kimya kiasi kwamba kukaa na kusikiliza peke yake hakutoshi, kwahiyo naelewa kabisa kwa nini mabaharia lazima wafanye mazoezi na hicho kifaa, na sijaandika kuomba kizimwe. Baharia asiyezoea sona anaweza kufa na wenzake wote siku ya vita. Hilo nalikubali bila kigugumizi.

Ila tunajua pia kilichowahi kutokea. Mei 1996 kwenye ghuba ya Kyparissia huko Ugiriki, nyangumi wa Cuvier, wale wa maji ya kina wenye mdomo uliochongoka, zaidi ya kumi walikwama ufukweni wakati meli ya utafiti ya NATO inajaribu sona hapo karibu. Machi 2000 ikaja Bahamas, wanyama 17 walikwama ndani ya saa 36, wengi wakiwa wa Cuvier na jamaa zao wa Blainville, meli zenu zilikuwa zimepita na sona zimewashwa, na ripoti ya pamoja ya Jeshi la Majini na NMFS iliyotoka Desemba 2001 ikasema sona za meli hizo ndio chanzo kinachoelekea kuwa cha kweli kuliko vingine vyote. Ile ripoti naiheshimu mpaka leo, mliandika wenyewe kitu ambacho kilikuwa kinawauma. Septemba 2002 ikawa zamu ya Visiwa vya Canary, nyangumi 14 wakati wa zoezi la kimataifa, na madaktari wa wanyama waliowapasua wakakuta viputo vya gesi na chembe za mafuta kwenye mishipa na viungo, dalili zinazofanana na zile za mpiga mbizi aliyepanda juu haraka mno. Hispania ikazuia sona kwenye maji ya visiwa hivyo mwaka 2004, na kwa miaka iliyofuata hakukuonekana tena mkwamo wa kundi kule. Julai mwaka huohuo wa 2004, kwenye ghuba ya Hanalei kisiwani Kauai, kundi la wanyama 150 hadi 200 wa jamii ya pomboo weusi wa bahari kuu liliingia kwenye maji mafupi na kukaa humo zaidi ya siku nzima, wakati RIMPAC, lile zoezi kubwa la majeshi ya majini ya nchi nyingi kwenye Pasifiki, likiendelea baharini, na mtoto mmoja akafa. NMFS ikachunguza, ikasema inawezekana sona ilichangia, na pengine ndivyo ilivyokuwa.

Sasa angalieni kitu kimoja kwenye hayo matukio yote. Tumeyajua kwa sababu mnyama alifika ufukweni mahali ambapo kuna watu. Bahamas kuna wakazi na kulikuwa na watafiti wa nyangumi jirani, Canary kuna watu fukwe nzima, Hanalei ndio kabisa. Je anayeumia kilomita 80 kutoka pwani? Mzoga wa nyangumi mara nyingi unazama, au unaliwa, au mkondo unaupeleka mbali huko. Watafiti waliofanya hesabu ya Ghuba ya Mexico walikuta mizoga inayopatikana ni kama asilimia 2 tu ya vifo vinavyokadiriwa, na ile ni ghuba yenye meli, mitambo ya mafuta na watu kila upande. Kwahiyo mtu akisema hatujaona mzoga, hajasema mengi.

Na hapa ndio nakumbuka ile kesi yenu na NRDC, shirika la kutetea mazingira, iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani, hukumu ikatoka tarehe 12 Novemba 2008. Hoja moja iliyowasaidia sana ilikuwa kwamba mmefanya mazoezi ya sona California Kusini kwa miaka 40 na hakuna hata tukio moja lililorekodiwa la mnyama wa baharini kuumizwa na sona. Mahakama ikaona maslahi ya ulinzi yana uzito zaidi, ikaondoa masharti mawili mliyokuwa mnayapinga. Mimi sio mwanasheria na sina ugomvi na hukumu. Swali langu ni la kawaida kabisa, ndani ya hiyo miaka 40 ni nani alikuwa anaangalia, akiwa wapi, kwa saa ngapi, na bahari ikiwa na hali gani? Manake kama waangaliaji walikuwa ni mabaharia wa doria walioko kwenye meli yenyewe basi jibu tunalo, na sio zuri.

Nieleze kwa nini. Masharti yenu ya siku zote yanasema mnyama akionekana ndani ya yadi 1,000 mnapunguza nguvu ya sona kwa desibeli 6, akifika yadi 500 mnapunguza nyingine 4, akifika yadi 200 mnazima. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini sharti lote linasimama juu ya kuona, na nyangumi wa Cuvier haonekani. Wale waliowekewa vifaa vya satelaiti hapohapo California Kusini walikuwa wanazama kwa wastani wa mita 1,400 na dakika 67 kila safari ya kutafuta chakula, mmoja akafika mita 2,992, mwingine akakaa chini dakika 137 na nusu, na baadaye upande wa Atlantiki nje ya Cape Hatteras kuna aliyekaa chini saa 3 na dakika 42. Anatoka juu kwa dakika chache, anapumua bila kurusha maji mengi, anazama tena. Watafiti Barlow na Gisiner walikokotoa mwaka 2006 uwezekano wa waangaliaji wa kwenye meli kumwona nyangumi wa aina hii wakati wa kazi ya kawaida ya kuzuia madhara, wakapata chini ya asilimia 2. Chini ya mbili kwa mia! Yaani huyo mnyama ambaye ndiye anaongoza kufa kwenye matukio ya sona ndiye huyohuyo ambaye ulinzi wenu haumwoni.

Na sio wa Cuvier peke yake. Mei 2021 manowari ya Australia HMAS Sydney, iliyokuwa inafanya mazoezi na nyinyi, iliingia bandari ya San Diego na nyangumi wawili waliokufa wamenasa chini ya meli, nyangumi mapezi, mkubwa wa kama mita 20. Hiyo haikuwa sona, iliwagonga, naelewa. Ila kama mnyama wa mita 20 anaweza kugongwa na kubebwa mpaka bandarini, basi tusiendelee kuongea kana kwamba macho ya walioko mbele ya meli yanatosha kuthibitisha kwamba maji yalikuwa matupu.

Sasa ndege inaleta nini. Watu wengi wanadhani kazi yake ni kuhesabu tu, inapita kwenye mistari iliyonyooka, watu wanaangalia kulia na kushoto, wanaandika kundi gani, umbali gani kutoka kwenye mstari, wangapi. Hiyo ni muhimu, ndio inatupa idadi ya kulinganisha mwaka kwa mwaka. Lakini utamu wenyewe uko kwenye ule mtindo mwingine, ndege ikishaona kundi inaacha mstari, inapanda kidogo, inaanza kuzunguka kwa mbali huku mmoja anapiga video na mwingine anasema kila kinachotokea: wameelekea wapi, wamesogeleana au wametawanyika, mama yuko na mtoto, wamebadilisha mwendo, wamekaa chini muda gani. Ukiwafuata hivyo kwa nusu saa au zaidi unaanza kuona tabia, na tabia ndio kitu tunachokitafuta, kwa sababu kabla mnyama hajafa anaacha kula, anakimbia, anatenganishwa na wenzake. Majaribio yaliyofanywa hapo California Kusini kwa sauti za kuiga sona yalionyesha baadhi ya nyangumi wa buluu waliokuwa wanakula kwenye maji ya kina waliacha kula, na nyangumi wa Cuvier walianza kubadilika sauti ikiwafikia kwa desibeli 89 hadi 127 tu, waliacha kupiga mikia na kutoa milio yao ya kutafuta chakula, wakaondoka haraka. Linganisha 127 na zile 235 zinazotoka kwenye meli, utaona kwamba mduara wa yadi 1,000 haufiki hata karibu na eneo ambalo mnyama anasikia na kushtuka, tunaongelea makumi ya kilomita. Hilo eneo hakuna mtu wa kwenye meli anayeweza kulikagua hata awe na darubini nzuri kiasi gani. Ndege inaweza kuvuka kilomita 180 kwa saa moja.

Kuna watu huuliza, si ndege yenyewe itawasumbua? Swali zuri na fizikia inalijibu vizuri. Sauti inayotoka hewani ikigonga maji kwa mlazo mkubwa inarudi juu, inayoingia ndani ni ile tu inayoshuka karibu wima, ndani ya nyuzi kama 13 kutoka mstari wa wima. Ndege ikiwa mita 305 juu, sauti yake inaingia majini kwenye duara lenye nusu kipenyo cha kama mita 70 tu chini yake. Kwahiyo rubani akizunguka kundi kwa umbali wa kilomita moja hivi, wanyama hawamsikii kwa kiasi cha kuwaharibia shughuli, wakati yeye anawaona vizuri. Boti haiwezi kufanya hivyo, injini yake iko kwenye maji yaleyale.

Siwezi kuwaambia ndege inaweza kila kitu, itakuwa uongo. Usiku haioni, na mazoezi yenu hayalali. Ukungu wa pwani ya California mwezi Mei na Juni unaweza kuifungia asubuhi nzima uwanjani. Bahari ikichafuka kufika 4 kwenye kipimo cha Beaufort, mawimbi meupe yanajaa na nyangumi wa Cuvier unamsahau kabisa, hata ikiwa 3 ni shida. Na yule aliyezama saa nzima hata rubani bora duniani hamwoni. Ndio maana nasema ndege isitumike kamwe kutangaza kwamba eneo halina wanyama. Ripoti ikisema tuliruka siku tatu hatukuona nyangumi wa Cuvier, iandike pia ni saa ngapi bahari ilikuwa tulivu kiasi cha kumwona. Bila hiyo ile sentensi inampotosha anayeisoma, na anayeisoma ni mtu wa vibali ambaye anaitafuta hiyohiyo sentensi.

Haidrofoni zinaziba sehemu ya hilo pengo. Mnazo sakafuni magharibi ya San Clemente kwenye eneo lenu la mazoezi la SOAR, mnazo Kauai, mnazo AUTEC, eneo lenu la majaribio huko Bahamas, na kazi iliyofanyika AUTEC ni ya heshima kubwa, ilionyesha nyangumi wa Blainville wakinyamaza na kuhama sona ikiwashwa, alafu wakirudi polepole kwa siku 2 hadi 3 baada ya zoezi kuisha. Hapo ndipo napata hoja yangu ya kuruka siku kadhaa baadaye, mkimaliza Ijumaa na ndege ikafungwa Ijumaa mnakosa kabisa sehemu ya kurudi. Ila haidrofoni inamsikia mnyama anayetoa mlio. Akinyamaza, haijui kama amehama, amekufa, au yuko palepale kwa woga. Ndege inaweza kujibu baadhi ya hayo, haswa kwa pomboo na nyangumi wakubwa wanaokaa juu muda mrefu, na ikipita kandokando ya visiwa baada ya zoezi inaweza kuona mzoga au kundi lililoingia maji mafupi kabla halijakwama. Mlikuwa mnaizungusha ndege San Clemente na visiwa vya Hawaii kwa kazi hiyo. Endeleeni.

Alafu kuna hili la siri, na naomba mnisome kwa utulivu hapa. Watafiti wanaoruka juu wanaandika kwamba saa fulani kundi la pomboo liligeuka ghafla kusini na kukaza mwendo. Sona ilikuwa imewashwa saa hiyo? Meli ilikuwa umbali gani? Majibu yako kwenye kumbukumbu zenu na kwa sehemu kubwa ni siri, hivyo data ya kitabia inabaki nusu, watu wamelipwa, mafuta yamechomwa, na mwisho hakuna anayeweza kusema kama kugeuka kule kulikuwa na uhusiano wowote na sona. Naelewa hamwezi kuanika mbinu za kusaka nyambizi. Lakini kwenye SOAR na Kauai tayari mnao wachambuzi wenye ruhusa ya kuona taarifa za siri ambao wanaunganisha milio ya nyangumi na rekodi za sona, wakatoa makala zilizochapishwa bila kufichua mbinu yoyote. Wapeni watu haohao rekodi za ndege. Hamhitaji mfumo mpya.

Na hela? Ndio, ndege inagharimu, rubani anagharimu, na ni kazi ya hatari kuruka chini hivyo mbali na nchi kavu, watu waliowahi kuifanya nawaheshimu. Lakini juu ya zoezi lenyewe tayari kuna ndege za doria za P-8A Poseidon zinasaka nyambizi, kuna helikopta za MH-60R, zote zina kamera za mchana na za joto. Hivi haiwezekani video zisizo na siri zikakabidhiwa, au mtaalamu mmoja wa nyangumi akakaa na wachambuzi wenu baada ya zoezi akapitia kilichoonekana? Na droni zinazokaa hewani saa nyingi zinaweza kuchukua sehemu ya mistari ya kuhesabu, japo kwa kazi ya kufuata kundi na kuelewa tabia mimi bado namwamini zaidi mtu mwenye uzoefu aliyekaa dirishani.

Sasa nageukia NMFS maana kibali kinatoka kwenu. Sheria ya kulinda mamalia wa baharini ni ya 1972, na tangu marekebisho ya 2018 mnaweza kutoa kibali cha kijeshi cha hadi miaka 7. Miaka 7 ni mirefu, mtoto wa nyangumi aliyezaliwa mwaka wa kwanza wa kibali anaweza kuwa mkubwa kibali hakijaisha. Ndani ya vibali hivyo mnakadiria kwa hesabu za kompyuta ni wanyama wangapi watasumbuliwa, na makadirio yanahitaji kitu cha kuyapima kutoka baharini. Kwahiyo sharti la ndege liandikwe ndani ya kibali chenyewe kwa maneno yanayopimika, lisiachwe kwa hiari ya bajeti ya mwaka. Saa ambazo bahari imechafuka zisihesabiwe kama saa za kuangalia nyangumi wa maji ya kina. Ripoti zitoke hadharani hata zile ambazo hazikuona kitu, na zitoke mapema, sio baada ya kibali kingine kuwa kimeshapita.

Naomba mnijibu hadharani, na jibu nitakalolikubali ni dogo. Kwenye ripoti ya zoezi kubwa lijalo la California Kusini, tuonyesheni saa ambazo ndege ilikuwa juu sona ikiwa imewashwa, hali ya bahari kwa kila saa hiyo, makundi mangapi yalifuatwa kwa zaidi ya nusu saa, na siku ambazo ndege iliendelea kuruka baada ya meli ya mwisho kuzima.